Vyama vikiungana, wapiga kura nao huungana? Tuangalie hesabu za 2015, 2022 na za kwingineko

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila uchaguzi ukikaribia wimbo ni ule ule: upinzani uungane. Ukiuliza uungane vipi na utapata nini, unajibiwa kwa hesabu ya darasa la pili. Chama fulani kina asilimia 27, kingine kina 8, jumla 35, tukimpata na kigogo mmoja wa chama tawala aje na watu wake, Ikulu hiyo hapo. Hesabu hii mimi siiamini hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Mwenye haraka apite tu, uzi ni mrefu.

Tanzania 2015. Miaka mitano nyuma yake, 2010, Dk. Slaa wa Chadema alitangaziwa asilimia 27.05 na Prof. Lipumba wa CUF 8.28. Wawili hao pamoja wana 35 na ushee. Ikaja UKAWA: Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakaachiana majimbo na kukubaliana mgombea mmoja wa urais. Juu ya hapo akaongezwa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, mtu mwenye mtandao ndani ya CCM aliousuka kwa miaka, ambaye jina lake lilikuwa limekatwa Dodoma mwezi Julai. Kwa hesabu ya kujumlisha, 35 ya upinzani na kipande cha CCM kinachomfuata Lowassa vilitakiwa kuvuka nusu. Yaliyotangazwa: Magufuli wa CCM 58.46, Lowassa 39.97. Ongezeko ni pointi zisizofika tano.

Najua wapo watakaosema kura ziliibwa. Tuliweke hilo pembeni kwa muda, maana swali langu linabaki pale pale: wale watu wa Lowassa ndani ya CCM walienda wapi? Walioonekana kutoka naye ni vigogo. Sumaye, waziri mkuu mwingine mstaafu, alitoka. Wenyeviti kadhaa wa mikoa walitoka. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa CCM wa ngazi ya chini kabisa mtaani, hakutoka. Na balozi wa nyumba kumi ndiye anayejua nani mtaani kwake ana kadi, nani hajalipa ada, nani anaumwa na atahitaji mtu wa kumpeleka kituoni. Mwanachama wa kawaida wa CCM alimpenda Lowassa akiwa Lowassa wa CCM. Alipovua shati la kijani akabaki Lowassa tu.

Na upande wa pili nao kuna waliotoka. Chadema ilijijenga kwa hoja ya ufisadi. Jina la Lowassa lilikuwemo kwenye orodha aliyoisoma Dk. Slaa pale Mwembe Yanga 2007, na Februari 2008 akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, mkataba tata wa umeme. Sasa chama kile kile kinakuambia huyu ndiye mkombozi. Slaa akaondoka, Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF Agosti. Wangapi waliondoka nao kimyakimya, wakabaki nyumbani siku ya kupiga kura? Hakuna tume inayohesabu hao.

Sasa weka kando ya hilo Zanzibar, Machi 2019. Mahakama Kuu imeamua kesi ya uongozi wa CUF kwa faida ya upande wa Lipumba, aliyekuwa amerudi kudai uenyekiti wake. Maalim Seif, kinara wa CUF Zanzibar, anatangaza kuhamia ACT-Wazalendo: "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Ndani ya siku chache matawi ya CUF Unguja na Pemba yanapakwa zambarau. Hakuna aliyeuliza ACT ina ilani gani au nani katibu wake wa wilaya. Watu wakahama na viti vyao, na mabenchi yao, na baraza zao. Hawa ndio watu waliompa Maalim asilimia 49.8 mwaka 1995 na 49.1 mwaka 2010, kwa matokeo rasmi ya ZEC, tume ya uchaguzi ya Zanzibar. Miaka kumi na mitano, nusu ile ile.

Kwa hiyo huyu kahama na karibu watu wake wote, yule kahama na mabaki. Wote wawili walikuwa maarufu kupindukia, kwa hiyo umaarufu hauelezi kitu hapa.

Ongeza Kenya. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipeana mkono nje ya Harambee House. Miaka minne baadaye rais aliye madarakani, mtoto wa Mzee Kenyatta, akasimama na Raila dhidi ya naibu wake mwenyewe, Ruto, na mgombea mwenza akachaguliwa Martha Karua wa Kirinyaga ili Mlima Kenya, ngome ya Uhuru, utulie. Kiambu, kwao Uhuru, Ruto akazoa kama laki 6, Raila laki 2 na kitu. Kirinyaga kwenyewe Karua akashindwa. Nchi nzima ikawa Ruto 50.49, Raila 48.85.

Ninavyoona mimi, mpiga kura ana kitu anachokishikilia, na kitu hicho hutofautiana. Kuna anayeshikilia chama, kuna anayeshikilia mtu, kuna anayeshikilia eneo lake na watu wake, kuna anayeshikilia dai. Kura huhama pale tu kile alichokishikilia kinapohama. Wa Maalim walishikilia dai la Zanzibar na waliamini Maalim ndiye amelibeba. Alipohama, dai likahama. Wa Lowassa walikuwa wa CCM. Viongozi wa upinzani wanakaa hotelini kugawana wagombea kana kwamba kura ni mifugo yao, wakati hawajajiuliza zimefungwa wapi.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge kwa hoja.

#2

Nimeweka kambi hapa. Nakunywa chai kwanza.

#3

Mkuu, umeandika vizuri lakini asilimia zimekubeba. Chukua kura zenyewe. 2010 Slaa alipata milioni 2.27 na Lipumba kama laki 7, jumla haifiki milioni 3. 2015 Lowassa kapata milioni 6.07. Upinzani ulijizidisha mara mbili ndani ya miaka mitano! Nani mwingine kawahi kufanya hivyo nchi hii? Wabunge wa upinzani walivuka mia. Mwaka 2016 Jiji la Dar es Salaam likapata meya wa Chadema. Ukisema Lowassa hakuleta watu unamwonea marehemu.

#4 Mleta uzi

Hoja nzuri, na nilikuwa naisubiri. Tazama waliojitokeza. 2010 walikuwa asilimia 42 na kitu ya walioandikishwa, idadi ndogo mno. 2015 walikuwa 67. Wapiga kura wenyewe waliongezeka kutoka milioni 8.6 hadi zaidi ya 15. Kwa hiyo kila mtu alipanda: Kikwete alikuwa na milioni 5.28, Magufuli akapata milioni 8.88. CCM imeongeza milioni 3.6, upinzani umeongeza milioni 3.1. Kama Lowassa angekuwa amekata kipande cha CCM, CCM ingepungua au ingesimama pale pale. Haikupungua.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba kampeni ile iliamsha watu waliokuwa hawapigi kura, hasa vijana wa mijini. Lakini ile ilikuwa hamu ya mabadiliko, na hata Magufuli aliivaa: "M4C" (Movement for Change) ya Chadema ikajibiwa na "Hapa Kazi Tu", na kauli mbiu ya mabadiliko ikawa ya pande zote mbili. Ukimchukua mtu wa chama tawala kuwa sura yako, unamwondolea chama tawala mzigo wake wa zamani na kuubeba wewe. CCM ikasimama jukwaani 2015 ikasema mafisadi wamehamia kule. Tangu lini chama tawala kikapata zawadi kama hiyo?

Na Machi 2019 Lowassa akarudi nyumbani CCM. Waliomfuata 2015 kwa kuamini mtu, mwaka huo walifuata nini?

#5

Walifuata "kuunga mkono juhudi", wimbo wa wapinzani waliohamia CCM enzi za Magufuli 😂

#6

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mleta mada, kuhusu Mlima umekata hadithi katikati. Agosti 2017 Raila hapo Kiambu hakufikisha hata laki moja. 2022 amepita laki mbili. Kwa hivyo Uhuru alisongesha watu, ni vile hakusongesha wa kutosha. Lakini sababu ya kutosonga ndiyo ungeandika.

Watu wa Mlima waliambiwa 2007 Raila ni hatari, wakaambiwa tena 2013, wakaambiwa tena 2017, kwa mikutano, kwa redio za lugha ya mama, kwa kila harambee. Halafu 2022 mtu yule yule aliyekuwa akiwaambia anakuja kusema, samahani, huyu ni mzuri sasa, mpigieni. Huwezi kulea hofu miaka kumi na mitano ukaizima kwa mwaka mmoja. Ile hofu haikuwa ya Uhuru, alikuwa ameiazima tu, na wenyewe walikataa kuirudisha.

Pia usisahau nani alikuwa hapo muda wote. Tangu mwaka wa handisheki Ruto alikuwa kwa makanisa kila Jumapili, Kirinyaga leo, Murang'a kesho. Watu wake, Tangatanga, walikuwa mashinani wakati Kieleweke, watu wa Uhuru, walikuwa wanafanya vikao Nairobi. Kufika 2022 kila kaunti ya Mlima ilikuwa na mgombea wa UDA, chama cha Ruto, mwenye jina, na wilbaro, nembo ya chama hicho, ilikuwa inaeleweka na mama wa sokoni bila kufafanuliwa. Azimio, muungano wa Raila na Uhuru, walikuwa na rais, walikuwa na vyombo vya serikali, hawakuwa na mtu wa kijijini.

Na kuna wale waliobaki nyumbani. Waliojitokeza nchi nzima walishuka kutoka kama asilimia 79 Agosti 2017 hadi 65. Mtu akikatazwa kumpigia anayemtaka na akashindwa kumpigia anayeambiwa, analala.

#7

Mnajadili vitu vya ajabu. Wapiga kura huku hawachagui, tume ndiyo inachagua. Leteni tume huru kwanza, haya ya mikakati yatakuja baadaye. Mawakala walizuiwa kuingia vituoni 2020 sehemu nyingi, unaniletea habari za balozi wa nyumba kumi!

#8

Mkuu #7, kwa hiyo tufanye nini, tususie?

Maana tumeshasusia. Zanzibar Oktoba 2015 Jecha, mwenyekiti wa ZEC, alifuta uchaguzi, CUF wakasusia wa marudio Machi 2016. Dk. Shein wa CCM akatangazwa kwa asilimia 91 na Baraza la Wawakilishi likabaki halina mwakilishi hata mmoja wa CUF. Serikali za mitaa 2019 Chadema ikasusia baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayegonga muhuri wa barua yako ya utambulisho. Umemwachia mwenzako vijiji vyote, mwaka unaofuata unataka akupe mawakala!

Bangladesh 2014 upinzani ukasusia, viti 153 kati ya 300 vikapita bila kupingwa. Serikali ikaongoza miaka kumi mingine, ikaondolewa na vijana barabarani, wala si na waliosusia.

#9

Naomba nimtetee #7 kidogo, kisha nimpinge.

Kumtetea: mwaka 2025 Chadema ilisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi, haikusaini kanuni za maadili, ikaenguliwa, mwenyekiti wake Lissu akawekwa kizuizini kwa kesi ya uhaini. Wenzao waliotaka kushiriki walihamia chama kingine, CHAUMMA. Waliobaki na waliohama, nani kapata alichokitaka? Oktoba 29 watu waliingia barabarani, wakafa watu, Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97. Katika hali hiyo kumwambia mtu "jipange upya, tafuta wapiga kura wa upande wa pili" ni kama kumtania.

Kumpinga: Ghana 1992. NPP, chama cha upinzani, waliona urais wameporwa na Rawlings, wakasusia uchaguzi wa wabunge mwezi Desemba. NDC ya Rawlings ikachukua viti 189 kati ya 200. Miaka minne hawana hata mbunge wa kusimama kuuliza swali. Walichofanya baadaye ndicho tunachopaswa kukisoma. 1994 ikaundwa kamati ya vyama na tume kukaa meza moja, na kufika 1996 masanduku ya kura yakawa ya kuonekana ndani. NPP wakashiriki, wakashindwa tena. Hawakusema basi. 2000 Kufuor akaingia duru ya pili na kushinda kwa karibu asilimia 57. Miaka minane kutoka kususia hadi Ikulu, na katikati yake kazi kubwa ilikuwa sanduku na daftari, siyo jukwaa.

Kususia kuna maana kama wafuasi wako watakufuata kukaa nyumbani NA kukaa kwao kutamgharimu mtawala kitu. Kenya, uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, Raila alijitoa, waliojitokeza wakashuka hadi kama asilimia 39, Uhuru akashinda kwa 98, na miezi michache baadaye mshindi mwenyewe ndiye aliyetafuta mkono wa kuushika. Pale kususia kulilipa, kwa sababu kaunti nzima nzima za Nyanza hazikupiga kura kabisa. Ni jeshi linalotii. Upinzani wenye wafuasi waliotawanyika kila mkoa asilimia thelathini thelathini hauwezi kupata picha ile hata ukisusia mara kumi.

#10 Mleta uzi

#9 umenisaidia kazi. Hapo ndipo nilipotaka tufike: uaminifu wa aina moja unafaa kwa kususia na haufai kwa kushinda. Wafuasi waliojaa eneo moja, wanaomtii mtu mmoja, wanaweza kuifanya nchi isitawalike vizuri. Hawawezi kukupa 50+1 peke yao. Na kila unapowasha moto wa kuwafanya watii zaidi, unawatisha wale unaowahitaji ili uvuke nusu. Raila aliishi kwenye mtego huo kuanzia 2007. Maalim Seif naye, Unguja Kusini hakuwahi kuipata.

Tazama aliyetoka kwenye mtego. Hichilema wa Zambia alishindwa 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016. Wapinzani wake walimpachika jina la mgombea wa Watonga, na kweli ngome yake ilikuwa Kusini na Magharibi. 2016 alikosa kwa kura kama laki moja, 2017 akawekwa ndani miezi minne kwa kesi ya uhaini, akidaiwa kutoupisha msafara wa magari wa Rais Lungu. Kama ni kuwasha ngome, hapo alipata kuni za kutosha. Agosti 2021 akamwacha Lungu kwa karibu kura milioni moja. Ngome ilikuwa na yeye tangu zamani, na ngome peke yake haikumtosha 2016. Safari hii Lusaka na Copperbelt, maeneo ya mijini yaliyokuwa ya PF, chama cha Lungu, nayo yalihamia kwake. Deni la taifa lilikuwa limeshindikana kulipwa Novemba 2020, kwacha imeporomoka, vijana hawana kazi, naye akazungumza deni na ajira mpaka watu wakachoka kumsikia. Mpiga kura wa PF wa Copperbelt hakuombwa kumpenda Hichilema wala kuwachukia wenzake wa jana. Aliombwa kuangalia bei. Alihama bila kuaibika.

Hakuhitaji muungano mkubwa. Vyama vilivyomuunga mkono vilikuwa vidogo.

#11

Malawi je? Tonse ilikuwa muungano wa vyama 9 na ilishinda. Hiyo inavunja hoja yako.

#12 Mleta uzi

Malawi inanifaa zaidi kuliko zote, mkuu. 2019 Mutharika 38.57, Chakwera 35.41, Chilima 20.24. Mahakama ikafuta Februari 2020 na kusema wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Chakwera na Chilima wakaungana, jumla yao ya karatasini ni 55.65, na Juni 2020 wakapata karibu 59. Kujumlisha kulifanya kazi! Kwa nini? Kwa sababu wapiga kura wa wote wawili walikuwa wameshikilia kitu kimoja. Walikuwa wameandamana pamoja karibu mwaka mzima dhidi ya matokeo yale yale, kwenye barabara zile zile. Walioungana kwanza ni wananchi, viongozi wakafuata nyuma.

Kisha endelea kusoma. Chilima akafa kwa ajali ya ndege Juni 2024, chama chake cha UTM kikatoka serikalini, maisha yakapanda. Septemba 2025 Mutharika, yule yule aliyefutiwa ushindi, akarudi na asilimia 56.8. Chakwera akabaki na 33. Linganisha na 35 yake ya 2019. Zile kura zilizoongezeka 2020 hazikuwahi kuwa zake. Zilikaa kwake miaka mitano zikaondoka.

#13

Kwa faida ya wanaodhani haya ni ya Afrika tu: Hungary. 2018 vyama vya upinzani vilivyogombea bila muungano wa pamoja vilipata jumla kama asilimia 46. 2022 sita vikaungana vyote, kuanzia wasoshalisti hadi Jobbik iliyotokea mrengo mkali wa kulia, wakafanya hadi kura za maoni za pamoja na kumpata meya wa mji mdogo, Péter Márki-Zay. Wakapata 34. Chama cha Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, 54. Yaani kuungana kumewapunguzia pointi 12! Sehemu kubwa ya waliokuwa Jobbik hawakuona kwa nini wawapigie wasoshalisti.

Mwaka uliofuata Poland wakafanya kinyume. Wapinzani walisukumwa waungane wote chini ya Tusk, kiongozi wa chama chao kikubwa, wakagoma, wakaingia na orodha tatu. PiS, chama tawala, ikaongoza kwa 35 lakini hao watatu wakapata viti 248 kati ya 460. Mhafidhina aliyechoshwa na serikali ila hamtaki Tusk alipata pa kwenda, orodha ya Trzecia Droga (Njia ya Tatu).

#14

Poland wana mfumo wa uwiano, #13. Ukifanya hivyo kwenye nchi ambayo mwenye nyingi anachukua zote, umejichimbia kaburi. Kenya 1992, chama cha upinzani FORD kilipogawanyika na Kibaki naye akiwa na DP yake: Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi Odinga 17, na Moi akabaki Ikulu na 36 yake. Nigeria 2023, Atiku 29, Obi 25, Tinubu kaingia na 36 na kitu. Atiku na Obi 2019 walikuwa tiketi moja!

#15 Mleta uzi

Ya Kenya 1992 naikubali bila masharti, na mfumo wa uchaguzi lazima uje kwanza kabla ya mkakati wowote. #13 na #14 mko sahihi wote. Ila Nigeria isomeni tena. Mnajumlisha 29 na 25 mnapata 54. Walipokuwa tiketi moja 2019 walipata 41. Ile 25 ya Obi imetoka kwa vijana na watu wa mijini waliokuja kwa ajili ya Obi wakikimbia watu wa aina ya Atiku. Ungemrudisha Obi kuwa makamu wa Atiku, nusu yao usingewaona kituoni.

#16

Mimi nimekuwa wakala wa chama (sitasema kipi) kwenye chaguzi zaidi ya moja, niwaambie kitu ambacho wataalamu wa asilimia hawakioni. Mnaongelea uaminifu wa mpiga kura. Uaminifu wa wakala je?

Unaapishwa, unaambiwa barua utapata kesho, kesho unaambiwa keshokutwa. Siku yenyewe unaamka saa tisa usiku. Unakaa kwenye kiti cha shule hadi usiku mwingine, kura zinahesabiwa kwa tochi ya simu. Chama kimekuahidi posho, mratibu wa kata hapokei simu. Wakala wa upande wa pili ana chakula, ana maji, ana bodaboda inayomsubiri nje. Saa nne za usiku analetewa chipsi na wewe unaangalia. Hapo ndipo kura zinalindwa au zinaachwa. Nimeona mtu anasaini fomu asiyoisoma ili aende akalale. Simlaumu. Muungano wa vyama vinne na kituo hakina hata wakala mmoja, kwa sababu kila chama kilidhani kingine kimepeleka.

Kenya wamesogea kidogo. 2022 fomu za 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi mtandaoni na kila mtu akajumlisha mwenyewe. Bado wakabishana mpaka Mahakama ya Juu, lakini walibishana juu ya karatasi zinazoonekana.

#17

#16 upewe kiti cha mbele. Hii ya "kila chama kilidhani kingine kimepeleka" nimeishuhudia kwa macho yangu.

#18

Swali kwa ndugu wa Kenya #6. Raila amefariki Oktoba 2025. Machi mwaka huo alikuwa ameshatia saini na Ruto pale KICC, na watu wake walikuwa na hasira za maandamano ya 2024 lakini wengi wakanyamaza. Sasa ngome ile ni ya nani?

#19

(wa Kenya, #6) Hapo umeuliza kitu watu wanauliza kila mahali. Wapo wanaosema Baba, yaani Raila, alituacha ndani ya serikali, tukae. Wapo wanaosema Baba alikuwa anaenda mahali, hakuwa amefika, kwa hivyo hatuwezi kujua angekaa au angetoka. Wote wanataja jina lake. ODM, chama chake, inaweza kubaki na rangi ya chungwa na isibaki na kura, na pia inaweza kubaki na zote. Mimi siwezi kukudanganya.

#20 Mleta uzi

Kwa mtazamo wangu ODM hawatarithi kura zile kwa kuonyesha saini ya KICC. Wafuasi wa Raila walimfuata kwa Uhuru 2018 na wakamfuata kwa Ruto 2025 kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndiye dhamana. Akisema tunaingia, waliamini ana sababu. Dhamana hiyo hairithiwi na katibu mkuu. CUF ilibaki na jina, ofisi na cheti cha usajili baada ya Maalim kuondoka, na Zanzibar ikabaki haina watu.

Tofauti ni kwamba Maalim aliwaonyesha watu pa kwenda kabla hajafariki Februari 2021, na ACT wakawa na Othman Masoud kwenye kiti kile kile cha makamu wa kwanza. Nyanza haijaonyeshwa. Kwa hiyo 2027 matokeo yakianza kuingia, mimi nitafungua kwanza Siaya na Homa Bay, na sitaangalia nani kaongoza. Nitaangalia wangapi wamejitokeza ukilinganisha na 2022.